Sentimita Sitini

Ofisi ya Mipango Miji, ghorofa ya tatu
8 Januari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nisamehe mwandiko, naandika nimesimama. Sisi wazima. Mama hajambo isipokuwa lile goti. Daktari kamwambia apande na kushuka ngazi mara ishirini kila asubuhi, naye kila jioni ananiapia kwamba amepanda, ingawa jirani wa chini anasema hajasikia hata kisigino. Mwanangu ameota meno mawili ya mbele na ameyaanzia kwenye vifaa vyangu vya kazi. Mama anasema, "Penseli amezaa mla penseli," na hucheka peke yake.

Sasa jambo lenyewe. Wamekubali, Shangazi! Mpaka naandika bado siamini. Mkurugenzi alikuja kikaoni na ile ramani ya zamani inayowahamisha nyote kule juu kwenye mawe, kilomita kumi na nne kutoka mtoni, kalamu iko mkononi tayari. Nikasimama. Nikasema shida si watu kukaa karibu na maji, shida ni nyumba zisizojua kupanda. Nikatandika mchoro wangu mezani: nyumba arobaini juu ya majukwaa ya mapipa, kila jukwaa limeshikwa kwa pete kwenye nguzo nne za chuma. Maji yakipanda, nyumba inapanda. Yakishuka, inashuka nayo. Njia za mbao zinaelea. Vyoo vina matangi yaliyozibwa, hakuna kinachomwagika mtoni. Na ukingo wenyewe unaachwa wazi, bustani wakati wa kiangazi, na wakati wa mvua mto unapata pa kujinyoosha.

Mkurugenzi akavua miwani. "Na nani atakubali kulala humo?"

"Shangazi yangu," nikamjibu. "Nyumba namba tisa."

Akavaa miwani tena, akatia saini.

Kuna kitu kidogo kimoja. Wapima ardhi wamepima ule mstari wa mafuriko makubwa uliopakwa rangi kwenye ukuta wa shule, wakaona uko juu kuliko linavyosema daftari lako la maji, lile unalojaza kina cha mto kila asubuhi. Vimepishana kwa sentimita sitini. Labda aliyeupaka alikisia? Niandikie neno moja tu nifunge faili.

Wako,
Penseli


Kivukoni
2 Februari

Penseli mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa siku nane mezani kwa karani wa kivuko. Aliona muhuri wa ofisi kubwa akaogopa kuniletea, akidhani nafukuzwa. Mimi mzima, ni haya masikio tu yaliyostaafu kabla yangu. Watu wakinisemesha naona midomo inacheza, naitikia kwa kichwa, na mara mbili mwezi huu nimejikuta nimekubali kuhudhuria vikao nisivyovijua.

Mtambo wenu wa kupigilia nguzo umefika. Hata mimi nausikia, kwa nyayo. Vikombe vinatembea mezani. Mama Cherehani ameshashona mapazia ya nyumba namba kumi na mbili na nyumba yenyewe bado ni mapipa manne ufukweni. Fundi Boya ndiye msimamizi wa majukwaa. Yule aliyekufundisha kuogelea kwa kukutupa. Anakusalimu, anasema umemfanya mtu mzima aanze kuvaa kofia ya plastiki. Ananung'unika kwamba nguzo ni fupi, kwamba pete zitakuwa karibu mno na vichwa vya nguzo mto ukikasirika. Injinia kijana aliyekuja na mtambo akamwambia michoro haikosei. Fundi akamwambia mto nao haukosei. Wakacheka, wakaendelea na kazi.

Kuhusu mstari wa shuleni, ulipakwa kwa kukisia. Watu walikuwa wamechanganyikiwa siku zile. Funga faili lako.

Msalimie wifi yangu, umwambie namjua tangu msichana na hajawahi kupanda ngazi kwa hiari.

Shangazi yako


Ofisi ya Mipango Miji
20 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Mtoto alikuwa na homa siku tatu, sasa amepona na amerudia fujo zake. Mama anakurudishia salamu pamoja na maneno mengine ambayo sitayaandika kwenye karatasi ya ofisi.

Faili nimelifunga kwa neno lako. Lakini kabla sijalirudisha kwenye kabati nililipekua lile daftari la mwaka wa mafuriko, kwa hamu tu ya kuona mwandiko wako wa ujana. Kurasa zote zimejaa vitarakimu vyako vidogo vilivyosimama kama askari. Kisha, ghafla, siku kumi na moja za mwandiko wa baba. Shangazi, nilishtuka kama mtu aliyeitwa jina na marehemu. Zile saba zake zenye mkia! Kile kipimo cha juu kabisa, mita sita na sentimita kumi, ambacho mradi wangu wote umekalia, ni yeye aliyekiandika. Wewe hukuwepo.

Nilimuuliza mama. Aliweka kikombe chini, akainuka, akapanda ngazi mpaka chumbani bila kulalamikia goti, akafunga mlango.

Baba alikuwa msimamizi wa vituo vya kupimia mto, kusoma ubao wa kina cha maji haikuwa kazi yake. Ulikuwa wapi siku hizo kumi na moja? Na kwa nini mama hataki kusema?

Penseli


Kivukoni
19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimeandika barua hii mara nne na kuichana mara tatu. Ya nne ni hii, ipokee ilivyo. Salamu zote zichukue kama zimeshasemwa.

Siku hizo kumi na moja nilikuwa hospitali. Maji machafu ya mafuriko yaliingia masikioni yakageuka usaha, nikalazwa. Kabla ya hapo gogo kubwa lilikuwa limepiga ubao wa kupimia maji na kuung'oa. Nilipokuwa kitandani, baba yako aliusimamisha upya. Kanuni inataka ubao upimwe kutoka kwenye alama ya zege iliyo juu ya ukingo, lakini alama ilikuwa imefukiwa na tope, wakubwa wanataka takwimu kila siku, na kaka yangu hakuwa mtu wa kuwaambia wakubwa "subirini." Akakadiria kwa macho. Kisha akapima alama ya tope kwenye ubao huo huo, akaandika sita na kumi.

Nilirudi, nikaendelea na kazi. Miezi mitano baadaye tulichimbua tope tukaifikia alama. Nilinyoosha kamba, nikaweka pima maji ya fundi seremala juu yake, nikapima. Nikapima tena. Nilikaa chini kwenye matope na gauni langu safi. Ubao ulikuwa umesimama juu kuliko inavyotakiwa, kwa sentimita sitini, kwa hiyo kila kipimo chake kilikuwa pungufu.

Nikamwita. Aliangalia kamba, akaniangalia, na uso wake ulibadilika rangi. Taarifa zilikuwa zimeshafika juu, zimepigwa mihuri. Akaniambia, "Dada, nikisema leo, kesho sina kazi, na Penseli ndiyo kwanza ameanza shule." Nikamwambia, "Basi tuung'oe kimya kimya tuuweke sawa." Akasema namba zitaruka sentimita sitini kwa siku moja na kila mtu ataona. Alisema kweli. Tukaacha. Wifi yangu alikuwa amesimama pale, alisikia yote.

Kwa miaka kumi na tisa nimeshuka kila asubuhi kusoma ubao ule. Kila namba niliyoandika ni kweli kwa ubao na ni uongo kwa mto. Nilijifariji kwamba zinalala kwenye kabati, hakuna anayejenga chochote kwa namba hizo. Kisha ukaja wewe.

Sielewi michoro yenu, lakini hili naliona kwa macho. Wapima ardhi wako wamepima nguzo kutoka kwenye alama ya zege. Maji nimeyapima mimi kutoka kwenye ubao. Hivyo viwili havijuani. Mlikadiria nguzo ziwe nusu mita juu ya mafuriko yale makubwa. Sentimita sitini zinaimeza nusu mita yote na bado zina njaa. Ubao ukisoma sita, pete zitakuwa zimefika vichwani mwa nguzo, na nyumba zitavuka juu yake kama kofia inavyovuka kichwani.

Na mstari wa shuleni haukukisiwa. Niliuchora mimi, nimesimama ndani ya maji, kabla masikio hayajanilaza. Ndicho kipimo cha kweli pekee cha mwaka ule, na nimekudanganya juu yake.

Niambie nifanye nini. Nimwambie injinia?

Shangazi yako


Ofisi ya Mipango Miji
3 Aprili

Shangazi,

Barua yako nimeisoma jana nimesimama kwenye korido, na sijui nilifikaje mezani kwangu. Nimepiga hesabu upya mara tatu. Ni kama ulivyosema. Nguzo mia na sitini, zote fupi.

Baba! Mtu aliyekuwa akinirudisha dukani nikipewa pipi moja ya ziada. Picha yake iko ukutani mbele yangu nikiandika, na nashindwa kuitazama.

Usimwambie injinia. Usimwambie mtu yeyote. Niachie mimi. Mvua kubwa bado. Nitalishughulikia huku huku, kwa utaratibu.

Mama hajambo, mtoto hajambo.

Penseli


Kivukoni
14 Aprili

Penseli,

Tumehamia. Nilikuwa nimekataa, nikasema nina mizigo mingi, ndipo Mama Cherehani na wenzake wakaja wakabeba kitanda changu huku nimekikalia. Sikuwa na sababu ya kuwapa. Ulinikataza kuisema.

Na ni pazuri, mwanangu. Hilo ndilo linaloniumiza. Asubuhi sakafu inapumua chini ya miguu. Watu wameweka maua kwenye makopo kando ya njia za mbao. Mto umeanza kunukia vizuri, kwa sababu hakuna anayeutupia kitu. Mama Cherehani anashona mlangoni, na wateja wanakuja kwa mitumbwi kupimwa suruali wakiwa wamesimama ndani ya mitumbwi hiyo.

Juu milimani imenyesha wiki nzima. Leo ubao unasoma nne na ishirini. Jana ulisoma tatu na tisini.

Umewaambia? Barua yako ilisema "kwa utaratibu." Utaratibu gani? Ningeweza kumwomba karani anipigie simu ofisini kwako, lakini habari hii niipitishe kinywani mwa karani, ifike nyumba zote kabla ya chai? Nijibu mapema. Neno moja tu: ndiyo au bado.

Shangazi yako


Kivukoni, darasani
9 Mei

Penseli,

Neno moja nililokuomba halikuja. Nakuandikia nikiwa shuleni, ambako tumelala siku kumi na tatu. Niko hai. Mama Cherehani yuko hai. Sasa nikueleze yote, kwa mpangilio, maana kila anayekuja hapa anaeleza kipande chake, na vipande havifanani.

Ijumaa tarehe ishirini na tano ubao ulisoma tano na kumi. Jumamosi alfajiri, tano na hamsini. Rangi ya maji ilikuwa imegeuka, miti mizima ilikuwa inapita na majani yake. Nilisimama pale na kalamu, na nilijua kwamba sina tena wa kumsubiri.

Nikapita nyumba kwa nyumba. "Tokeni, nguzo ni fupi." Walinicheka kwa heshima. Nyumba zilikuwa zimepanda na maji usiku kucha kama ulivyoahidi, watoto wanashangilia, sakafu kavu. Injinia kijana alipita njiani akionyesha watu na kusema, nilisoma midomo yake, "Mnaona? Mnaona?" Alikuwa na furaha ya kweli, maskini.

Basi nilipanda kwenye ngazi ya kivuko, mahali ambapo wote wananiona, nikasema kwa sauti ambayo mimi mwenyewe siisikii. Nikasema ubao una uongo. Nikasema kaka yangu aliuweka vibaya miaka kumi na tisa iliyopita, na mimi nimejua, na nimenyamaza, na nguzo hizi zimepimwa kwa uongo huo. Sijui nilisema kwa nguvu kiasi gani. Najua tu kwamba midomo yote ilisimama. Mama Cherehani alikuwa ameshika nguo aliyokuwa akiishona, ikamponyoka ikaenda na maji, hata hakuitazama. Nimeishi naye jirani tangu sote tukiwa wasichana. Alinitazama kama mtu asiyenijua.

Fundi Boya ndiye wa kwanza kusogea. Hakunigombeza. Alikimbilia nguzo iliyo karibu, akapima kwa kiganja nafasi iliyobaki juu ya pete: viganja vitatu. Akanigeukia akasema polepole ili nimsome, "Niliona. Niliona na nikakubali kunyamazishwa." Kisha akaanza kupiga kelele kwa watu, na sijawahi kuona watu wakitii hivyo.

Kamba zote za kivuko zilitolewa, na nyaya za mtambo, na minyororo. Wanawake waliwatoa wazee na watoto kwa njia za mbao mpaka shuleni. Wanaume walifunga nyumba kwa nyumba, na nyumba za pembeni wakazifunga kwenye guzo la chuma la kivuko na kwenye miti ya ukingoni. Injinia kijana alikuwa nao majini mpaka kifuani, analia huku anafunga. Mimi niliwekwa kwenye ubao. Nilinyoosha vidole kuonyesha namba: tano na sabini. Tano na themanini. Tano na tisini, saa nne na robo.

Ubao uliposoma sita ilikuwa kama ulivyohesabu. Hapakuwa na mshindo. Nyumba namba thelathini na nane iliinama kidogo upande mmoja, pete moja ikatoka, kisha ya pili, kisha zote, ikaanza kuondoka taratibu na mapazia yake, kama mtu aliyeinuka mezani bila kuaga. Kisha thelathini na saba. Sita kwa jumla hazikuwa zimefikiwa na kamba. Tano zilikuwa tupu.

Fundi Boya alikuwa kwenye thelathini na moja. Alikuwa anaifunga. Kamba ilijikaza wakati pete zinatoka, ikamshika mguu. Nilimwona, Penseli. Nilikuwa hatua arobaini, nimesimama kwenye ubao na vidole sita hewani. Alijaribu kufikia kisu kiunoni. Nyumba ikageuka, ikamweka upande ule mwingine, na haikugeuka tena.

Tulimpata siku ya nne, kwenye daraja.

Nyumba thelathini na nne zimesimama. Zilivuka nguzo, lakini kamba zilizishika, na maji yaliposhuka zilikaa juu ya matope, zimepinda, mapipa yamebonyea, ila nzima. Watu wote wako hai isipokuwa yeye. Wanasema ni muujiza. Mimi nilimjua muujiza huyo kwa jina lake, na nilimwona akienda.

Sasa nisikilize vizuri. Juzi walikuja wakubwa wawili kutoka ofisini kwenu. Nikawaambia, "Habari hizi mlikuwa nazo tangu mwanzo wa Aprili, mpwa wangu aliwaletea." Wakatazamana. Mmoja akaandika kwenye karatasi ili nisome bila shaka: HATUKUPATA TAARIFA YOYOTE.

Nimeisoma karatasi hiyo mpaka imechakaa. Barua yangu ilikufikia tarehe mbili. Mto ulikuja tarehe ishirini na sita. Barua yangu ilikuwa wapi siku ishirini na nne?

Shangazi yako


Nyumbani
20 Mei

Shangazi,

Shikamoo, ikiwa bado utaniitikia.

Ilikuwa kwenye droo yangu, chini ya rula. Na ile ya pili, ya tarehe kumi na nne, ilinifikia tarehe ishirini na mbili, siku nne kabla. Nayo niliiweka humo.

Nimejaribu kupata namna ya kulisema jambo hili ambayo haitaonekana kama inavyoonekana, na sijaipata. Siku ya kwanza nilimwonyesha mama. Akasema, "Baba yako amelala. Usimwamshe." Nilimkasirikia, lakini ukweli ni kwamba nilifurahi kupata wa kumkasirikia. Siku ya pili nilienda mpaka mlango wa mkurugenzi. Ndani nilimsikia akisema kwenye simu kwamba kosa moja tu, kosa moja, na anawahamisha wote kwenye mawe mwezi huo huo. Nikarudi. Nikajiambia nitawaokoa kwanza wasihamishwe, kisha nitarekebisha nguzo kimya kimya mwezi wa saba, kwenye bajeti ya matengenezo, bila mtu kujua kwa nini. Nilikuwa na mchoro tayari. Niliuchora vizuri sana, Shangazi. Siku ishirini na nne nilikuwa nachora nguzo ndefu, kwa rangi mbili, huku wewe umelala juu ya zile fupi.

Simu ilikuwa mezani. Niliinua mkono wa simu mara mbili kuiita ofisi ya kivuko. Mara ya pili karani alipokea, akasema, "Haloo, kivukoni." Nikakata.

Nilipopata habari nilikuwa kazini. Mtu alikuja akasema nyumba zinazoelea zimeondoka. Nilicheka. Sijui kwa nini nilicheka. Kisha wakanitajia Fundi Boya. Alinitupa majini nikiwa na miaka saba, akaruka baada yangu kabla sijafika chini.

Jana kikao cha uchunguzi kilikaa. Nilipeleka barua zako zote na zangu zote, nikazisoma kwa sauti, moja baada ya nyingine, na tarehe zake. Nilipofika kwenye ile ya tarehe tatu, pale nilipoandika "mvua kubwa bado," mwenyekiti aliniomba nirudie sentensi hiyo. Nikairudia. Mama alikuwa amekaa nyuma, sikujua kama atakuja. Aliomba kusema. Akasema, "Na mimi nilijua, tangu siku ile walipoupima ubao kwa kamba." Basi.

Nimesimamishwa kazi. Uamuzi kamili bado. Picha ya baba nimeishusha ukutani, kisha nikairudisha, kisha nikaishusha. Sasa iko chini, imeegemea ukuta, na mtoto anaigusa kwa vidole.

Kukuomba msamaha siwezi, ni neno dogo mno. Nitamwandikia mke wa Fundi Boya. Nitamweleza yote. Nisaidie tu, nimwanzeje?

Penseli


Kivukoni
11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nakuitikia. Ilinichukua siku kadhaa, lakini nakuitikia.

Mimi mzima. Mama Cherehani bado hasemi nami, ila jana alikuta mfuko wa gauni langu umechanika, akalivuta kutoka kwenye kamba ya nguo, akaushona, akalirudisha. Injinia kijana amebaki hapa, amekataa kurudi. Mwambie wifi yangu kwamba nilipata habari za alichosema kikaoni, na kwamba goti lake naliulizia.

Sina mdomo wa kukugombeza. Wewe ulinyamaza siku ishirini na nne, mimi miaka kumi na tisa. Lakini siachi kushangaa, Penseli. Nashangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa mtu mbaya. Kaka alikuogopea wewe, mimi nilimwogopea yeye, wewe ukatuogopea sisi sote, na kila mmoja akapata sababu nzuri. Nikikaa nikilifikiria hilo mwili unanisisimka kuliko nikiyafikiria maji.

Wakubwa walikuja Jumatatu na ile ramani ya mawe. Wakatukusanya kwenye uwanja wa shule, wakasema sasa mmeona wenyewe. Watu wakatazama chini. Nilidhani yamekwisha. Akasimama mke wa Fundi Boya. Alisema, na injinia aliniandikia neno kwa neno: "Mume wangu hakuuawa na mto. Mto ulisema urefu wake kila siku. Aliuawa na watu waliouandikia urefu mwingine. Mkituhamishia kwenye mawe, watu hao hao ndio watakaotupimia visima." Kisha akasema kwamba nyumba thelathini na nne zilizofungwa na mikono ya mumewe hazing'olewi na mtu. Anataka nguzo ziongezwe mita moja na nusu, zipimwe mbele ya wakazi, na kila mkazi ajue kusoma ubao. Walipiga kura. Waliotaka kwenda ni familia tatu, na hao tumewasaidia kufunga mizigo.

Nguzo zimeanza kuunganishwa. Michoro wanayotumia ni yako, ile ya rangi mbili. Kikao kiliileta. Nimeitazama. Ni kweli umeichora vizuri sana.

Sasa kuhusu barua yako kwa mke wa Fundi Boya. Nilikwenda kwake, nikamwambia unataka kumwandikia. Alikuwa anakunja nguo za mumewe. Nilisoma midomo yake, na nilimwomba arudie nisije nikakosea. Akarudia.

Hataki barua. Anasema barua zimetosha katika ukoo wetu. Anataka uje, ukae kwenye kiti mbele yake, umwambie kwa mdomo ni siku ngapi, na siku hizo ulikuwa unafanya nini, moja moja. Hakusema atafanya nini baada ya hapo, na mimi sikumuuliza.

Kwa hiyo hii usiijibu. Kivuko cha Alhamisi kinafika saa tatu asubuhi. Nitakuwa nimesimama ngazini. Nitakufikisha mpaka mlangoni kwake, lakini sitaingia, na wala sitakusemea.

Shangazi yako